Dar hadi Mwanza kwa basi na watoto wawili: wafanye nini njia nzima?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Naishi Tabata, Dar es Salaam. Desemba hii shule zikifungwa nakwenda Mwanza kwa wakwe zangu, ambao ni Wasukuma, pamoja na watoto wangu wawili. Wa kike ana miaka 8, wa kiume ana miaka 3. Baba yao atabaki kazini. Mwaka jana tulisafiri hivyohivyo kwa basi na yalikuwa mateso matupu. Mdogo alianza kulia hata Dodoma hatujafika, abiria wakaanza kunisema. Nikampa simu, akatulia mpaka chaji ikaisha, kisha akalia kuliko mwanzo. Mkubwa alikuwa anasoma kitabu, akatapika. Jirani yangu ananishauri niwape piritoni walale. Nifanye nini? Nibebe vitu gani vya kuwachezesha? Au nipande treni ya SGR?

Jibu: Marahaba, mama. Nianze na piritoni, maana hilo halina kusubiri. Usiwape. Piritoni ni dawa ya mzio, na ule usingizi ni athari yake tu, haikutengenezwa kwa kulaza watoto. Wako watoto ambao ukiwapa inafanya kinyume kabisa: hawalali, wanachangamka kupita kiasi, wanakuwa wakali, hawashikiki, na hapo mko kati ya Gairo na Kibaigwa huna pa kukimbilia. Dozi ikizidi, hatari inakuwa kubwa zaidi ya kelele. Dawa nyingine ya ukoo huohuo, promethazini, ambayo watu huinunua kwa ajili ya kutapika safarini, hapewi kabisa mtoto wa chini ya miaka 2 kwa sababu inaweza kumzuia kupumua. Kama binti yako hutapika kila safari, mpeleke kwa daktari au mfamasia mapema, apimwe uzito, apewe dawa inayomfaa kwa kipimo chake. Usikadirie kijiko nyumbani.

Sasa tuje kwenye kuwachezesha. Umeuliza ubebe vitu gani, na vitu nitakutajia. Lakini kwa miaka yangu ya kufundisha madarasa ya awali nimeona kuwa mtoto haumizwi sana na urefu wa safari. Kinachomuumiza ni kuwekwa ndani ya jambo ambalo hana sehemu nalo. Wewe mtu mzima ukiwa kwenye basi una shughuli nyingi bila kujijua: unajua mlipofika, unajua kilichobaki, unawaza mizigo iliyo chini, unapiga hesabu ya bajaji ya kutoka stendi. Mtoto hana hata moja kati ya hayo. Ameamshwa usiku, amepandishwa, ameambiwa atulie. Midoli mipya unayomnunulia kwa safari inaisha utamu kabla ya Chalinze, kwa sababu haina uhusiano wowote na kinachoendelea. Mpe kazi ndani ya safari yenyewe, na utashangaa jinsi kitu cha bure kinavyoweza kumshika kwa saa nzima.

Kwa binti yako, kazi ianze siku moja au mbili kabla. Chukueni karatasi ya manila, mkate utepe mrefu, muukunje mikunjo ili ukae mkononi. Mchore barabara moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho, na juu yake mwandike vituo kwa mpangilio: Mbezi, Mlandizi, Chalinze, Morogoro, Dumila, Gairo, Kibaigwa, Dodoma, Manyoni, Singida, Igunga, Nzega, Tinde, Shinyanga, Mwanza. Ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa mtoto wa miaka 8 kilomita 1,100 hazina maana yoyote, ila vituo kumi na tano ambavyo anavifuta kimoja kimoja anavielewa vizuri sana. Cheo chake kiwe karani wa safari. Kila mkipita mahali, yeye ndiye anayetangaza. Wewe jizuie, hata kama umekiona kibao kabla yake. Muulize kwa sauti ya kawaida, "Karani, tumefika wapi?" na umsubiri achungulie nje.

Nafasi kati ya kituo na kituo msiiache tupu, mwandikie cha kutazamia. Baada ya Mlandizi kuna daraja la Mto Ruvu. Mkiikaribia Morogoro, milima ya Uluguru inakuwa mkono wa kushoto, na mara nyingi vilele vimefunikwa na mawingu. Atafute wingu lililokaa chini kuliko yote. Gairo atauona upepo na wauza viazi vitamu. Kuelekea Dodoma kuna mibuyu. Ahesabu ile iliyonenepa kiasi kwamba watu watano wakishikana mikono hawawezi kuizunguka. Singida kuna mawe makubwa yaliyochomoza ardhini na madumu ya mafuta ya alizeti yaliyopangwa kando ya barabara. Ukivuka Singida unakuja mlima Sekenke, basi linateremka kona baada ya kona hadi kwenye tambarare ya Wembere. Mkifika pale kabla ya giza, mwamshe kama amelala, kwa sababu ni mara chache mtoto wa Dar anaona nchi ikishuka kwa mkupuo namna ile na kisha kuwa bapa mpaka upeo wa macho. Baada ya hapo kwa kawaida giza limeingia, na mawe ya Mwanza yaliyobebana atayaona kesho yake.

Kuna mchezo mwingine ambao njia hiyo imejaliwa kuliko njia nyingi, nao ni magari. Barabara ya kati ndiyo inayobeba mizigo ya bandari ya Dar kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na malori hayo mtakuwa nayo mpaka Tinde, ambako njia inagawanyika: moja inakwenda Kahama hadi mpaka wa Rusumo, nyinyi mnashika ya Shinyanga. Mfundishe kutofautisha namba. Za hapa kwetu zinaanza na T, za Rwanda zinaanza na R. Gari binafsi la hapa lina namba ya njano, la biashara lina nyeupe. Mwambie aanzishe daftari la wageni: lori la Rwanda pointi moja, la Burundi pointi mbili, la Kongo pointi tatu, na akiona namba asiyoitambua kabisa, pointi tano. Malori yana pia maandishi nyuma, misemo ya madereva, na hiyo ni hazina kwa mtoto anayejua kusoma. Akusanye misemo, na usiku mkifika kwa bibi amsomee yote.

Sharti moja katika hili, na hapa ndipo lilipo jibu la kile kitabu chake cha mwaka jana. Asome kwa kutazama nje, asiandike gari likiwa linakwenda. Sikio la ndani linahisi mwendo, kona na matuta, huku macho yaliyozama kwenye kitabu au simu yanauambia ubongo kwamba mmetulia mahali pamoja. Mgongano huo ndio unaoleta kichefuchefu, na watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi. Macho yakitazama mbali nje, yanakubaliana na sikio, na tumbo linatulia. Kwa hiyo misemo aishike kichwani, aikariri na mdogo wake, na aiandike basi linaposimama. Vigwaza na Mikese kuna mizani, na mbele huko iko mingine. Basi likipanga foleni pale ndiyo ofisi ya karani inafunguliwa. Kile kipindi ambacho kila mtu anakunja uso kwa kuchelewa, yeye anakisubiri kwa hamu.

Na kiti chenyewe kina neno. Ukikata tiketi mapema, omba viti vya katikati, mbele ya matairi ya nyuma, maana nyuma kabisa ndiko basi linakorusha. Binti akae dirishani. Kama unaweza kumlipia mdogo kiti chake, mlipie. Najua fedha si nyepesi, lakini safari ya saa kumi na tano au zaidi ukiwa umepakata mtoto wa miaka 3 inakumaliza wewe, na mama aliyechoka hana mchezo wowote wa kumpa mtoto. Ikibidi umpakate, usifunge mkanda mmoja ukawazunguka wote wawili, kwa sababu basi likifunga breki ghafla uzito wako wote unamwangukia yeye.

Vitendawili ningeviweka juu ya mchezo wowote wa kununua. Havihitaji mwanga wala nafasi, na watoto wa umri tofauti wanaweza kucheza pamoja. Unaanza na vile ambavyo mdogo anaviweza. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Yai. "Kila niendapo ananifuata." Kivuli. Kwa mkubwa unapanda kidogo: "Kuku wangu katagia miibani," nanasi. "Watoto wangu wawili hugombana mchana, usiku hupatana," milango. Sasa sikiliza uzuri wa mchezo huu kwa wasafiri. Mtoto akishindwa, kimila anaombwa mji: "Nipe mji!" Naye anautaja mji, na yule aliyetega anajifanya ameufikia, anasimulia alivyopokelewa, alipewa nini, alikula nini, ndipo atoe jibu. Wekeni kanuni yenu: mji lazima uwe kwenye ule utepe wa manila, na uwe bado hamjaupita. Binti atasema, "Nakupa Nzega." Wewe unaanza: "Nimekwenda Nzega, watu wa Nzega wamenipokea vizuri, wamenipa wali na kuku, wamenipa kitanda cha mninga nilale, asubuhi wakaniambia jibu ni kivuli." Akishafika Nzega kweli, saa mbili usiku, atachungulia dirishani atafute kile kitanda. Kisha mwache yeye atege vya kwake vya kutunga kutokana na anachokiona nje. Watoto wa miaka 8 hutunga vitendawili vibovu kwa nusu saa, halafu ghafla kinatoka kimoja kinachomnyamazisha mtu mzima.

Mdogo ni habari nyingine. Mtoto wa miaka 3 hajui saa. Ukimwambia "bado saa kumi" ni sawa na hujamwambia kitu, na ukimwambia "tunakaribia" wakati mko Kibaigwa, atakuuliza tena baada ya dakika mbili na atakuwa na haki ya kukasirika. Mpimie safari kwa mambo: tukishavuka daraja tunakula ndizi, tukishakula ndizi tunamwimbia dada, basi likisimama tunashuka kukojoa. Yeye pia ana kazi. Awe msimamizi wa maji: chupa ndogo iko kwake, anayetaka kunywa anamwomba yeye. Awe muagaji wa miji: kila mji mkiuacha, anaupungia mkono, "Kwaheri Dumila!" Kwa mtu mzima ni kitu kidogo, lakini umri huo unapenda kurudia, na jambo linalorudiwa ndilo linalompa raha na utulivu.

Vitu vya mkononi vyake viwe vichache na vya kazi ya vidole. Vibanio vya nguo kumi au kumi na viwili, vya mbao au plastiki, anavibana kwenye ukingo wa khanga yako na kuvibandua. Anaweza kuvitengeneza mamba, ndege, treni. Chagua vilivyo vizima, visivyoachia waya. Udongo wa kuchezea utengeneze mwenyewe: kikombe kimoja cha unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi, kijiko cha mafuta ya kula, maji kidogo kidogo mpaka donge lishikane kama la chapati. Ufunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, na meza yake iwe kifuniko cha hotpoti alichokipakata. Usimwache aule, una chumvi nyingi. Daftari lisilo na mistari na kalamu za rangi za nta, si za wino, usije ukaharibu nguo ya abiria wa jirani. Na khanga ya pili, ambayo kwa mtoto huyu ni hema, mbeleko ya mdoli, pazia la kujificha na blanketi.

Namna ya kuvitoa ndiyo siri ya jambo lote. Kila kimoja kiwe kwenye kifuko chake, na vyote vikae kwako, asivione. Toa kimoja. Acha acheze, na ukirudishe kabla hajachoka nacho, utakapoona ameanza kutazama pembeni. Kilichorudishwa kikiwa bado kitamu kitarudi kitamu baada ya saa tatu. Kilichoachwa mpaka kikatupwa chini ya kiti kimekwisha. Na kati ya kimoja na kingine usijaze. Mwache akae, atazame nje, anyonye kidole akitaka. Wazazi wengi wanaogopa kimya cha mtoto kwenye safari wakidhani ni dalili ya kulia, wakati mara nyingi ndipo anapumzika.

Mwili wake nao unadai. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa watoto wa chini ya miaka 5, na moja ya mambo yake ni kwamba mtoto asibanwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Kwenye basi huwezi kulitimiza hilo kikamilifu, na kumwacha atembee kwenye njia ya katikati gari likiwa kwenye mwendo hapana, hata kama wengine wanafanya. Lakini unaweza kuchezesha mwili akiwa kitini. Mchezo wa nyama nyama anaujua bila shaka. Mtaani wanaucheza kwa kuruka. Nyinyi chezeni kwa kunyanyua mikono. "Nyama nyama nyama!" "Nyama!" "Nyama ya mbuzi!" anainua mikono. "Nyama ya ng'ombe!" anainua. "Nyama ya fisi!" mikono chini, na aliyeinua amekula fisi. Polepole mwanzoni, kisha kasi. Dakika tano za mchezo huo zinamchosha vizuri. Basi likisimama, shuka naye kila mara, hata akisema hana haja. Wanaposema "tunachimba dawa," wewe ndio muda wako: akojoe, aruke mara ishirini, akimbie kutoka kwako hadi kwa dada yake na kurudi, mkono wako ukiwa tayari kwa sababu ya magari. Beba poti ndogo kama bado anaogopa vyoo vya njiani. Wengi wa umri wake wanaogopa, na mtoto anayebana mkojo hucheza vibaya na kulia bila kusema kwa nini.

Chakula. Kidogo kidogo na mara nyingi: chapati kavu, viazi vya kuchemsha, ndizi, mkate, maji. Vyakula vya mafuta mengi waachie wengine, hasa kwa binti anayetapika. Kula nako ni mchezo kwa mdogo kama utampa vitu vya kugawa, "kimoja cha mama, kimoja cha dada." Ila kuna vitu viwili naomba uvishike. Karanga, bisi na pipi ngumu usimpe mtoto wa miaka 3 kwenye gari linaloruka matuta. Zinaingia kooni kirahisi na wewe huna nafasi ya kumsaidia. Na mkifika Dodoma huenda wakakuletea zabibu dirishani, nzuri mno. Nunua, zioshe, lakini za mdogo zipasue kwa urefu vipande vinne. Zabibu nzima ina ukubwa wa kuziba koo la mtoto sawasawa. Kwa kutapika, weka mifuko isiyovuja na kitambaa chenye maji karibu, si kwenye begi lililo juu.

Kuhusu wale abiria waliokusema. Mkipanda tu, kabla basi halijaondoka, wasalimie jirani zako wa mbele, nyuma na pembeni, na watoto wako wawape shikamoo wakubwa mmoja mmoja. Waambie mnakwenda mpaka Mwanza na mdogo huyu safari yake ni ndefu. Mtu aliyeamkiwa na mtoto hana tena uso wa kumfokea mama yake, na mara nyingi utapata bibi mmoja au kijana atakayeomba ampakate kidogo ili unywe chai. Akubali mtoto mwenyewe, awe machoni pako, na uchukue msaada huo bila aibu.

Atalia, mama. Hata ufanye yote haya, kuna mahali atalia, hasa kati ya saa nane na saa kumi, joto likiwa kali na usingizi umekatika. Pitia haraka kichwani: kiu, haja, joto, nguo inayobana, usingizi, sikio. Mlegezee nguo, mfute uso kwa maji, punguza sauti yako badala ya kuipandisha, umgeuzie dirishani umtajie unachokiona kwa sauti ya chini. Usimwahidi kitu ili anyamaze, kwa sababu baada ya Manyoni atakuwa ameshajifunza bei ya kulia. Kama televisheni ya basi inaonyesha ngumi na damu, mwite mhudumu kwa upole umwombe abadilishe au apunguze sauti. Una haki hiyo, na wengine ndani ya basi watakushukuru kimyakimya.

Simu. Sikuambii uifiche kabisa. Mwongozo huohuo wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 3 asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo, na pungufu ni bora. Saa hiyo moja usiitumie asubuhi, wakati macho yake bado yana njaa ya dunia. Itunze kwa kipande cha mwisho, baada ya Nzega, giza likiwa nje na hakuna cha kutazama. Pakua mapema, maana mtandao njiani unakatika, beba pawabenki, na mwambie kabla hujawasha: katuni mbili, kisha mama anazima. Zima kweli zikiisha. Kilichomliza mwaka jana, kwa maoni yangu, ni kwamba simu ilikufa ghafla bila kuagana naye.

Lakini kuna matumizi ya simu ninayoyapenda kuliko katuni. Wiki hii mpigie bibi yao, mwombe awatumie hadithi kwa sauti kwenye WhatsApp, fupi fupi, tano au sita: sungura na fisi, hadithi za utotoni mwake, jinsi baba yao alivyokuwa mtundu. Aanze na paukwa, watoto waitikie pakawa hukohuko kitini. Sikilizeni kwa spika ya masikioni, kila mtoto sikio moja, sauti ya chini. Macho yanabaki huru, tumbo halivurugiki, na chaji hailiki haraka. Mwombe pia awafundishe salamu za Kisukuma. Za asubuhi ni "mwangaluka," za mchana "mwadila." Kutoka Igunga kuendelea mnaingia nchi ya lugha hiyo, na muda wa giza unatosha kuzirudia mpaka hata mdogo ameshika. Asubuhi yake ya kwanza Mwanza atakuwa na la kumwambia bibi.

Kuhusu treni: kama bajeti inaruhusu, kipande cha kwanza panda SGR. Imekuwa ikibeba abiria hadi Dodoma tangu Julai 2024, na safari ya treni ya haraka haizidi muda wa saa nne, wakati basi linatumia karibu nusu siku. Mtoto anaweza kusimama na kutembea, choo kiko ndani, na mwendo wake hauchafui tumbo. Ila hesabu pia usumbufu wa katikati, maana Dodoma utatoka stesheni na mizigo na watoto kwenda stendi kutafuta basi la Mwanza. Kwa mama aliye peke yake nisingekushauri uunganishe siku hiyohiyo. Kama una ndugu Dodoma, laleni, watoto wakimbie uwanjani jioni, na kesho yake mwanze kipande cha pili wakiwa wapya. Kama huna, basi la moja kwa moja ni afadhali kuliko kubeba mtoto anayesinzia na mabegi matatu kwenye stendi usiyoifahamu. Tiketi za Desemba, za treni na za basi, zinaisha mapema, kwa hiyo amua mwezi huu.

Mdogo umwambie lini? Siku moja kabla, si zaidi, la sivyo ataanza kuuliza "leo?" kila alfajiri. Wakati wa kurudi Januari, utepe wa manila ugeuzwe usomwe kutoka Mwanza, na mwache binti ndiye atege vitendawili vyote alivyopewa na bibi, wewe ukae upande wa kuombwa mji.